Kaslingi fupi, kaslingi ndefu, au mfalme abaki alipo?

Kusita huanza kwenye hatua ya nane au ya tisa ya mchezo wa sataranji (chess). Farasi wametoka, maaskofu wametoka, malkia amepisha, na mfalme bado ameketi e1, mraba wake wa mwanzo, huku ngome zake zikimtazama kutoka kona mbili. Kulia kweupe, kushoto kweupe. Umpeleke wapi? Au umwache kwanza, umalizie shambulio lililoanza kunoga? Wengi tulifundishwa sentensi moja tu, "fanya kaslingi mapema", yaani mfiche mfalme pembeni kwa kumhamisha pamoja na ngome, tukazoea kumpeleka mfalme upande uleule kila mchezo, kama mtu anayepita njia ileile hata siku daraja limevunjika.

Nitazipima njia zote tatu kwa mizani moja. Kila mraba una herufi ya safu yake, a hadi h kutoka kushoto, na namba ya mstari wake, 1 hadi 8 kutoka upande wa weupe. Naongea kama mwenye kete nyeupe. Ukiwa na nyeusi, mstari wa 1 usome kuwa wa 8, wa 2 kuwa wa 7, wa 3 kuwa wa 6, wa 4 kuwa wa 5, na kulia kuwa kushoto.

Kwanza sheria, maana ndizo zinazokupa uchaguzi

Kaslingi ndiyo hatua pekee inayosogeza kete zako mbili kwa mpigo. Katika kaslingi fupi mfalme anatoka e1 kwenda g1, na ngome ya h1 inamruka na kutua f1. Katika kaslingi ndefu mfalme anatoka e1 kwenda c1, na ngome ya a1 inatua d1. Kwenye karatasi ya mchezo ya kwanza huandikwa 0-0, ya pili 0-0-0. Pande zote mbili mfalme anatembea miraba miwili tu. Urefu ni wa ngome, ambayo upande wa malkia inasafiri miraba mitatu. Wanaoanza humsukuma mfalme hadi b1 wakidhani "ndefu" ni safari yake yeye.

Masharti yako ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakozua ugomvi mwingi. Aina ya kwanza huua haki kabisa. Mfalme akishasogea hata mara moja, hata kama hatua inayofuata atarudi e1, hana tena kaslingi ya upande wowote. Ngome ikishasogea, upande wake umekufa, ila upande wa pili bado uko hai. Aina ya pili huzuia kwa muda: huwezi kufanya kaslingi kama kuna kete yoyote kati ya mfalme na ngome, kama mfalme yuko kwenye cheki, yaani ameshambuliwa, wakati huohuo, au kama mraba anaoupita au anaotua unashambuliwa na mpinzani. Kizuizi kikiondoka, ruhusa inarudi. Kwa hiyo mfalme aliyepigwa cheki hatua ya sita, nawe ukaikinga kwa askofu bila kumsogeza, anaweza kufanya kaslingi baadaye bila tatizo. Sijui nani alieneza habari kwamba cheki moja inamnyima mfalme haki hiyo mchezo mzima, lakini imeenea kweli.

Sharti la kushambuliwa linamhusu mfalme peke yake. Ngome inaweza kuwa inatishiwa na bado ikashiriki, na katika kaslingi ndefu inaweza kupita b1 hata kama mraba huo unashambuliwa, kwa kuwa mfalme hakanyagi hapo. Kama hukulijua hili, usione haya. Mwaka 1960 mjini Adelaide, Yuri Averbakh, Msovieti mwenye cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, grandmasta, alilalamika mpinzani wake, Purdy, alipofanya kaslingi ndefu na ngome ikapita mraba uliokuwa ukishambuliwa. Ikabidi aelezwe kwamba katazo ni la mfalme tu. Mwaka 1974, Viktor Korchnoi akipambana na Anatoly Karpov mjini Moscow kwenye fainali ya wagombea wa taji la dunia, alimuuliza mwamuzi kama anaruhusiwa kufanya kaslingi wakati ngome yake inatishiwa. Alijibiwa ndiyo, akaifanya hatua ya 18, na hatua moja baadaye mchezo ulikuwa wake.

Halafu kuna suala la mkono. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinataka umguse mfalme kwanza, kisha mkono huohuo uchukue ngome. Nililijua hilo siku ya kwanza nilipocheza mbele ya mwamuzi. Nyumbani nilizoea kuchukua kete zote mbili kwa pamoja, mkono wa kulia na wa kushoto, kama anayepanga vyombo. Siku ile angalau nilikumbuka kutumia mkono mmoja, ila nikaanza na ngome ya h1. Mpinzani wangu, kijana mpole tu, akasimamisha saa na kuinua kidole. Mwamuzi akaja, akauliza niligusa kipi kwanza, nikasema kweli. "Basi sogeza ngome." Ngome ikaenda f1 peke yake, mfalme akabaki e1, na kaslingi fupi ikafa pale pale. Ndefu nilikuwa nayo bado kisheria, lakini askari wangu wa a, b na c walikuwa wameshakimbilia mbele wote. Sikuchukua muda mrefu kupoteza.

Kwenye simu na kompyuta hilo halikupati, kwa kuwa programu haikubali kosa: unamburuta mfalme miraba miwili, ngome inajifuata yenyewe. Kwenye ubao wa mbao hakuna anayekuzuia. Kuna mchezo maarufu wa Dublin, mwaka 1973, ambamo Mweupe alifanya kaslingi mara mbili, fupi kisha ndefu, na ukaendelea kama kawaida.

Mizani tunayotumia

Naangalia mambo manne. Gharama: hatua ngapi zinatumika kabla na baada. Usalama: mfalme akishafika, nani anamlinda na wapi pana ufa. Ngome: imepata kazi au imehamishwa tu. Na mwisho, ni mchezo wa namna gani unafuata, maana kila njia inakuvuta kwenye mipango yake na si kila mtu anaiweza kila mipango.

Kaslingi fupi

Gharama yake ndogo ndiyo inayoipa umaarufu. Kete mbili tu zinahitaji kupisha, farasi wa g1 na askofu wa f1, na hizo ndizo huwa za kwanza kutoka hata hivyo. Ukianza na askari wa e4, farasi f3, askofu c4, hatua ya nne unaweza kuwa umeshamaliza. Ila kuna deni dogo linalosahauliwa: ngome inayotua f1 mara nyingi imekaa nyuma ya askari wake wa f2 bila kuona kitu. Utaisogeza tena hadi e1 au d1 ili ianze kazi. Kwa hesabu ya kweli, kaslingi fupi ni hatua moja na nusu.

Kwa usalama haina mshindani wa karibu. Mfalme wa g1 anawagusa askari wote watatu walio mbele yake, f2, g2 na h2, na farasi wa f3 analinda h2 kwa ziada. Nyufa zipo mbili zinazojirudia. Ya kwanza ni mraba wa h2 wenyewe: farasi wa f3 akifukuzwa, askofu wa mpinzani anajitoa kafara pale, mfalme analazimika kula, farasi anaruka g4 kwa cheki, malkia anaingia h4. Ya pili ni aibu ya chekimeti (cheki isiyo na njia ya kutoka, mchezo umekwisha) ya mstari wa mwisho, ambapo askari haohao wanaomlinda mfalme ndio wanaomfungia, ngome moja ikiingia kwenye mstari wa 1 kwisha habari. Dawa ni kumpandisha askari wa h hatua moja apate dirisha, lakini usimpandishe bila sababu. Askari wa h3 ni mahali pa mpinzani kushikia: anamleta wa kwake wa g hadi g4 na safu inafunguka juu ya kichwa cha mfalme wako.

Mchezo unaofuata huwa wa subira. Mnapigania katikati, ngome zinahamia safu za d na e, na askari wa a, b na c wanaweza kukimbia bila kumvua nguo mfalme. Utulivu huo una lawama zake. Mwaka 2019, bingwa wa zamani wa dunia Vladimir Kramnik alipendekeza sataranji isiyo na kaslingi kabisa, ikajaribiwa kwa msaada wa programu ya kompyuta ya AlphaZero, akiona kwamba wafalme wakishajificha mapema michezo mingi hupoa.

Inamfaa anayejifunza, anayecheza kwa saa fupi, na yeyote ambaye hajaona sababu mahsusi ya kufanya vinginevyo.

Kaslingi ndefu

Hapa gharama ya mbele ni kubwa zaidi. Kete tatu lazima zipishe, farasi, askofu na malkia, na kumtoa malkia mapema kunataka akili kwa kuwa kila farasi wa mpinzani anayemkaribia anamfukuza na kujipatia hatua ya bure. Ukishafika, mara nyingi unadaiwa hatua nyingine: mfalme c1 kwenda b1. Deni hilo linatokana na usalama. Akiwa c1, mfalme analinda b2 na c2 lakini a2 iko mbali na mkono wake, na ulalo wa kutoka h6 hadi c1 unaweza kumfungulia cheki wakati wowote askofu wako akihama d2 au e3. Kama askari wako wa c ameshakwenda c4, fikiri mara mbili, kwa sababu mlango ule hauna ubao. Na kama mpinzani ana safu ya c iliyo nusu wazi, isiyo na askari wake, na ngome yake imekaa c8, fikiri mara tatu.

Ila mwangalie ngome. Katika fupi inatua mahali ambapo bado itahamishwa. Katika ndefu inatua d1, katikati ya ubao, kazini. Mfano ninaoupenda ni mchezo wa Paul Morphy mjini Paris mwaka 1858, kwenye jumba la opera, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana. Kufikia hatua ya 12, Morphy amejitoa farasi kwa askari wawili, askofu wake wa b5 amempiga mfalme cheki, na weusi wamekinga kwa farasi d7. Mfalme mweusi yuko e8. Malkia wake amesimama e7 akimfungia askofu wake mwenyewe wa f8, kwa hiyo kaslingi fupi haipo. Morphy alikuwa na ruhusa ya kwenda pande zote mbili. Angekwenda kulia, ngome ingetua f1 nyuma ya askari. Akaenda kushoto. Kwa hatua ile moja mfalme alitoka njiani na ngome ya a1 ikawa d1, ikimwangalia farasi wa d7 uso kwa uso. Weusi wakaleta ngome d8 kulinda. Ngome nyeupe ikamla farasi, nyeusi ikaila, na ya pili nyeupe, iliyokuwa bado h1, ikateleza hadi d1 kwa hatua moja kwa kuwa hakukuwa na kitu njiani. Hatua ya 17, chekimeti pale d8.

Mchezo unaofuata una kasi. Askari wako wa f, g na h hawana tena mfalme wa kulinda, kwa hiyo wanaweza kutumwa mbele. Mpinzani akiwa amefanya kaslingi fupi, mnakuwa mmekaa pande tofauti, na hapo hesabu inabadilika kabisa: anayefika kwanza ndiye anayekula. Wachezaji wa ulinzi wa Sisilia, namna moja ya Mweusi kuanza mchezo, tawi la Dragon, wanaijua hali hiyo vizuri. Mweupe anapeleka h4, h5, anafungua safu ya h, huku Mweusi akitwanga safu ya c kwa ngome. Askari mmoja aliyesogezwa bila haja upande wa mfalme wako anaweza kumpa mpinzani hatua anayoihitaji. Sheria ya kidole gumba niliyojipa: kabla ya kwenda kushoto, nahesabu ni hatua ngapi hadi nifungue safu moja mbele ya mfalme wake, kisha nahesabu zake. Nikiwa nyuma kwa mbili, siendi.

Inamfaa anayependa kushambulia na anayeweza kuhesabu bila kuchoka. Haimfai mtu anayeichagua kwa sababu tu imemchosha ile nyingine.

Mfalme kubaki katikati

Kuna kubaki kwa aina mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kuchelewesha: haki yako iko hai, huonyeshi utaelekea wapi, na mpinzani hajui amalizie wapi maandalizi yake. Nyingine ni kuiacha haki yenyewe, kwa hiari au kwa kulazimishwa.

Kwa kuchelewesha, gharama ya leo ni sifuri na riba inapanda kila safu ya katikati inapokaribia kufunguka. Ngome zako hazionani, mfalme yuko kati yao. Ngome ya h1 inaweza kufanya kazi palepale kama unampeleka askari wa h mbele, lakini ya a1 imelala. Usalama wote unategemea kitu kimoja: askari wa katikati. Wakiwa wamefungana, wako dhidi ya wake, hakuna anayeweza kupita, basi mfalme wa e1 anaweza kukaa muda mrefu bila hofu. Safu ya d au ya e ikifunguka naye bado yuko pale, rudi ukamtazame yule mfalme mweusi wa Paris. Yeye hakukosa ulinzi wa kete. Alikosa hatua moja tu ya kupumua.

Kuiacha haki kabisa kunaingia akilini pale malkia wanapobadilishana mapema. Mfano mkubwa ni ulinzi wa Berlin, namna nyingine ya Mweusi kuanza mchezo. Baada ya hatua nane malkia wote wawili wametoka ubaoni, mfalme mweusi amelazimika kumla malkia d8, na kaslingi imekwenda zake. Kwa macho ya kitabu cha wanaoanza weusi wako taabani. Lakini Kramnik aliutumia London mwaka 2000 dhidi ya bingwa wa dunia wa wakati huo, Garry Kasparov, Kasparov akashindwa kuubomoa, na taji likabadilisha kichwa. Bila malkia ubaoni, mfalme aliye katikati ni mfanyakazi: yuko karibu na askari wa pande zote na hatalazimika kusafiri kutoka g8 mchezo ukielekea mwisho.

Inamfaa anayeusoma ubao vizuri kiasi cha kujua katikati itabaki imefungwa, au aliyeona ubadilishanaji wa malkia unakuja. Kwa anayeanza naona ni hatari, kwa sababu kosa lake halionekani hadi siku ya adhabu.

Kwa hali uliyo nayo

Kama mpinzani ametoa kete haraka na safu ya e au ya d iko karibu kufunguka, nenda upande ulio tayari sasa hivi, bila kutafuta uzuri. Mara nyingi huo ni upande mfupi.

Kama umeshawasogeza askari wa g na h kwa sababu yoyote ile, usimpeleke mfalme nyuma yao. Angalia kushoto, na kama a, b na c bado wako nyumbani, jibu unalo. Kinyume chake pia ni kweli, na kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza kabla ya vingine vyote: mfalme huenda walipo askari wasiosogea.

Kama mpinzani ameshafanya kaslingi fupi na wewe unahitaji ushindi, si sare, ndefu inastahili kuhesabiwa. Kama sare inakutosha, mfuate upande aliko, mchezo utatulia.

Kama askofu wa mpinzani anaushambulia f1 kutoka a6, fupi imezibwa kwa muda tu. Usikasirike ukamsogeza mfalme f1 kwa mkono, maana hapo unaua haki zote mbili kwa tatizo ambalo lingetatuliwa kwa kumbadilisha askofu yule, au kumzibia njia kwa askari wa c4. Hali hiyohiyo ukipigwa cheki mapema: tafuta kwanza kete ya kukinga, na mfalme awe wa mwisho kusogea.

Kama malkia wametoka, acha haraka. Uliza kama mfalme ana kazi d2 au e2 kuliko kujificha g1.

Na kama umepima yote na pande mbili bado zinalingana, cheza kwanza hatua inayofaa pande zote, kwa mfano kumtoa kete wa mwisho aliyelala nyumbani, umwachie mpinzani zamu ya kuonyesha anaelekea wapi. Zamu ikirudi kwako na umeshaamua, mkono uanze kwa mfalme.